Barua-pepe kwa mfanyabiashara anayeanza: Soma anwani kabla ya kulipa

Mfanyabiashara aliyeagiza bidhaa kutoka nje katika miaka ya 1990 alitegemea simu, teleksi na nukushi. Karatasi ya nukushi ilififia baada ya miezi michache, simu ya kimataifa ililipiwa kwa dakika, na barua ya posta ilichukua majuma kufika. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na barua-pepe, na simu ya mkononi inatosha kuipokea. Hata hivyo, urahisi huo umekuja na hatari yake. Barua moja yenye namba ya akaunti ya uongo yaweza kupeleka malipo ya kontena zima mikononi mwa mtu asiyejulikana.

Maelezo yafuatayo yanawalenga wafanyabiashara wadogo na wawekezaji ambao ama hawana anwani ya barua-pepe, ama wanayo lakini hawajaizoea. Kundi la pili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Simu nyingi zinazotumia mfumo wa Android huomba anwani ya Gmail zinapowashwa kwa mara ya kwanza, na mara nyingi anayeifungua ni kijana wa dukani anayeuza simu hiyo. Mwenye simu huondoka akiwa na sanduku la barua ambalo hajui jina lake, na ambalo neno lake la siri linajulikana na mtu mwingine. Sanduku la namna hiyo halifai kwa biashara.

Ilikoanzia

Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman mjini Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia mtandao wa ARPANET. Kompyuta hizo zilikuwa karibu karibu, lakini ujumbe ulipita katika mtandao. Ni yeye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta anayoitumia, na alama hiyo imebaki hadi leo.

Huduma hiyo iliwafikia watu wengi zaidi mwezi Julai 1996, Hotmail ilipoanza kutoa masanduku ya bure yanayofunguliwa popote penye intaneti. Gmail ilifuata tarehe 1 Aprili 2004. Kwa Afrika Mashariki kikwazo kikubwa kilikuwa gharama ya mawasiliano ya setilaiti, hadi mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipoanza kazi mwezi Julai 2009 na kuziunganisha Dar es Salaam na Mombasa na mitandao ya nje.

Kwa nini WhatsApp pekee haitoshi

Wauzaji wengi wa Kariakoo huagiza, hupokea picha za bidhaa na kupatana bei kwa WhatsApp. Kwa mazungumzo ya haraka hakuna ubaya. Lakini kuna kazi ambazo barua-pepe huzifanya vizuri zaidi.

Kwanza, barua-pepe hukaa katika seva, yaani kompyuta kubwa ya mtoa huduma, wala haitegemei simu moja wala laini moja. Simu ikiibwa Jumatatu, mwenye sanduku hufungua barua zake zote Jumanne kwenye simu nyingine au kompyuta ya jirani. Pili, profoma, ankara, orodha ya mizigo na hati ya shehena hufika zikiwa nyaraka kamili zinazoweza kuchapishwa na kupelekwa benki au kwa wakala wa forodha. Tatu, watu zaidi ya mmoja huweza kupata barua ileile kwa wakati mmoja: mwenye duka, mhasibu na wakala. Nne, viwanda, benki, madalali wa hisa na ofisi za umma hutumia njia hiyo katika mambo rasmi. Maombi ya kusajili kampuni kwa BRELA, kwa mfano, hufanywa kwa njia ya mtandao, na mifumo ya aina hiyo kwa kawaida huuliza anwani ya barua-pepe.

Jinsi ya kusoma anwani

Hili ndilo somo la kwanza, na ndilo litakalolinda fedha baadaye. Chukulia anwani hii ya mfano: mauzo@mfano.co.tz.

Sehemu iliyo kabla ya @ ni jina la sanduku. Yaweza kuwa jina la mtu au la idara, kama mauzo au uhasibu. Sehemu iliyo baada ya @ ni jina la nyumba ambamo sanduku hilo limo, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi tz ni Tanzania, co ni biashara, na mfano ni jina la kampuni yenyewe. Kampuni ya Kenya itaishia na .co.ke au .ke, ya China na .cn, na ya Falme za Kiarabu na .ae. Mwisho wa .com hautaji nchi yoyote. Mtu yeyote popote duniani anaweza kuusajili.

Mwenye nyumba ni yule aliyetajwa mwisho, upande wa kulia. Kwa hiyo anwani inayosomeka uhasibu@mfano.co.tz.jina-jingine.com si ya mfano.co.tz hata kidogo. Ni ya jina-jingine.com, na maneno yaliyotangulia yamewekwa hapo ili kumvuta msomaji mwenye haraka.

Anwani lazima iwe sahihi herufi kwa herufi. Karani wa posta anaweza kukisia kwamba barua ya Juma Ali, Sanduku la Posta fulani, imekosewa namba, akaifikisha. Seva haikisii. Herufi moja ikikosekana, barua hurudi au, vibaya zaidi, huingia katika sanduku la mtu mwingine. Hakuna nafasi tupu ndani ya anwani, na herufi kubwa na ndogo kwa kawaida hazileti tofauti.

Kufungua sanduku

Watoa huduma wa bure, kama Gmail, Outlook na Yahoo, huhitaji jina, tarehe ya kuzaliwa, neno la siri na mara nyingi namba ya simu. Mfanyabiashara achague anwani inayotamkika kwa simu bila kurudiarudia. Jina la duka na mji hufaa zaidi kuliko jina la utani na tarakimu sita.

Mwenye biashara inayokua anaweza kusajili jina lake mwenyewe linaloishia na .co.tz kupitia wasajili walioidhinishwa, kwa ada ya kila mwaka. Faida yake ni mbili. Wateja humtambua kwa jina la kampuni, na mfanyakazi anayeondoka haondoki na anwani ya biashara. Hasara yake ni kwamba ada isipolipwa kwa wakati, barua husimama, na jina laweza kuchukuliwa na mwingine.

Mambo matatu yafanyike siku ileile sanduku linapofunguliwa. Neno la siri liwe refu, la maneno kadhaa yasiyohusiana na jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na lisitumike mahali pengine popote. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, ili mtu aliyeiba neno la siri ashindwe kuingia bila namba ya pili inayopatikana kwenye simu ya mwenyewe. Tena namba ya simu ya kurejeshea sanduku iwe ya mwenye biashara, isiwe ya kijana aliyemsaidia kulifungua. Ambaye sanduku lake lilifunguliwa na mtu mwingine abadilishe neno la siri na namba hiyo kabla ya kutuma barua ya kwanza ya kibiashara.

Kuandika barua ya biashara

Barua-pepe ina sehemu chache. Juu kuna nafasi ya anwani ya mpokeaji. Chini yake kuna nafasi ya nakala, kwa wale wanaopaswa kuiona barua bila kutakiwa kujibu. Kuna pia nakala ya siri, ambayo wapokeaji wengine hawaioni. Hiyo hufaa anapotumiwa bei mpya wateja 40 kwa mara moja, kwani kuweka anwani zote wazi ni sawa na kumpa kila mteja daftari la wateja wote.

Kisha kuna mada. Wanaoanza huiacha tupu au huandika "Habari". Mpokeaji mwenye barua 100 kwa siku huangalia mada kwanza. Mada nzuri hutaja kazi, kiasi na mahali. Mfano wa barua kutoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Songea kwenda kwa muuzaji wa jumla Dar es Salaam ni huu:

Mada: Ombi la bei – mabati geji 30, futi 10, pande 200 – Songea

Ndugu Meneja Mauzo,

Salaam. Tunaomba bei ya mabati geji 30, urefu wa futi 10, pande 200, pamoja na usafiri hadi Songea. Tafadhali eleza pia bei hiyo itadumu hadi lini, na mzigo utachukua siku ngapi tangu malipo. Malipo yatafanywa benki baada ya kupokea ankara.

Wako katika biashara,
(Jina, duka, namba ya simu)

Barua hiyo ni fupi, lakini ina yote ambayo muuzaji anahitaji ili ajibu mara moja. Isiyotaja geji au urefu italeta maswali mawili ya kurudi na siku moja ya kupotea. Vile vile barua yote isiandikwe kwa herufi kubwa; mpokeaji huona kama anafokewa.

Nyaraka huambatishwa kwa kubonyeza alama ya kibanio cha karatasi. Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi megabaiti 25 katika barua moja, na mpokeaji mwenye intaneti hafifu atataabika hata kwa kidogo kuliko hapo. Picha za bidhaa zipunguzwe ukubwa kwanza. Kabla ya kubonyeza alama ya ndege ya karatasi ili barua iende, mtumaji asome tena vitu vitatu: anwani, tarakimu na kiambatisho. Barua iliyokwisha kufika hairudi.

Saa nazo zina maana. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 5. Barua inayotumwa saa 4 asubuhi hufika huko saa 9 alasiri, bado kazini. Inayotumwa saa 8 mchana hufika saa 1 jioni na kusubiri kesho. Dubai iko mbele kwa saa 1 tu. Serikali ya Falme za Kiarabu ilihamishia mapumziko ya wiki Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, na ofisi zake hufanya kazi nusu siku Ijumaa.

Kujibu na kutunza

Kuna njia mbili za kujibu: kumjibu mtumaji peke yake, au kuwajibu wote waliopata nakala. Anayemweleza mhasibu wake kiwango cha juu kabisa anachoweza kulipa, kisha akabonyeza kuwajibu wote, amemweleza na muuzaji. Makosa ya namna hiyo hayafutiki.

Jibu litolewe ndani ya barua ileile, si kwa kuanzisha barua mpya, ili ombi, bei, mapatano na ankara vifuatane kama kurasa za faili moja. Kila shehena iwe na faili lake ndani ya sanduku. Barua zilizomalizika zihifadhiwe, zisifutwe. Aidha, ni vizuri kuchungulia mara kwa mara sehemu ya barua taka, kwa sababu mtambo unaochuja matangazo ya ovyo wakati mwingine hutupa humo hata ankara halali.

Barua hizo zina uzito mbele ya sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki na mikataba inayofungwa kwa njia hiyo. Katika kupima uzito wa ushahidi wa aina hiyo, mahakama huangalia pamoja na mambo mengine namna ujumbe ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Kwa hiyo barua iliyobaki katika sanduku na tarehe zake ni bora kuliko picha ya kioo cha simu. Pia ina maana kwamba neno "nimekubali" lililoandikwa kwa haraka laweza kumfunga aliyeliandika.

Jina lililo juu si ushahidi

Anayeanza hudhani kwamba jina linaloonekana juu ya barua ni la mtumaji. Ukweli ni kwamba jina hilo huandikwa na mtumaji mwenyewe, apendavyo, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Simu nyingi huonyesha jina hilo tu na kuficha anwani. Ni lazima jina libonyezwe ili anwani kamili itokeze.

Hata anwani ikionekana, isomwe polepole. Herufi r na n zikiandikwa pamoja hufanana na m: rnfano.co.tz si mfano.co.tz. Tarakimu 1 hufanana na herufi l, na sifuri hufanana na o. Kistari kikiongezwa, herufi moja ikirudiwa, au .com ikiwekwa mahali pa .co.tz, nyumba ni nyingine kabisa. Wakati mwingine barua huonyesha anwani sahihi, lakini mtu anapobonyeza kujibu, jibu huelekea anwani tofauti. Hilo nalo liangaliwe.

Ankara yenye akaunti mpya

Wizi unaowaumiza zaidi wafanyabiashara katika barua-pepe huhitaji subira tu, wala si ustadi mkubwa wa kompyuta. Chukulia muuzaji wa vipuri vya pikipiki aliyeagiza mzigo wa dola 18,000 kutoka kiwandani China. Kama ilivyo kawaida ya biashara hiyo, hulipa asilimia 30 kwanza, yaani dola 5,400, na zilizobaki, dola 12,600, mzigo unapokuwa tayari kupakiwa.

Mwizi huingia katika sanduku la mmoja wao, la kiwanda au la mnunuzi, baada ya kupata neno la siri kwa njia ya udanganyifu. Haibi kitu siku hiyo. Husoma. Huweza hata kuweka maagizo ya siri ili kila barua inayoingia inakiliwe kwenda kwake. Anajua namba ya agizo, kiasi kilicholipwa, jina la karani wa mauzo na namna anavyosalimia. Wiki ya malipo ya pili inapofika, hutuma ankara inayofanana na ile ya awali kwa kila kitu: nembo, saini, jumla ya dola 12,600. Kilichobadilika ni namba ya akaunti. Maelezo huwa ya kawaida: akaunti ya zamani iko katika ukaguzi wa hesabu, au benki inafanya marekebisho, na mzigo utachelewa malipo yasipofanywa leo.

Mnunuzi hulipa. Baada ya siku kadhaa kiwanda halisi huuliza fedha ziko wapi. Mnunuzi amepoteza dola 12,600, mzigo hautoki, na dola 5,400 za kwanza zimefungwa ndani yake. Kwa duka dogo hilo laweza kuwa mwisho wa biashara.

Si wadogo tu wanaoangukia mtego huo. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili nchini Latvia kampuni yenye jina sawa na la kampuni ya Asia iliyokuwa ikiziuzia vifaa Google na Facebook. Kwa barua-pepe na ankara za uongo, kampuni hizo mbili zililipa zaidi ya dola milioni 120 kwenye akaunti zake. Alikiri kosa mwezi Machi 2019 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5 mjini New York mwezi Desemba mwaka huo. Google ndiyo yenye Gmail. Endapo wenye sanduku wenyewe walidanganywa, hakuna anayepaswa kujiona mjanja mno. Nchini Marekani pekee, shirika la upelelezi la FBI lilipokea malalamiko 21,489 ya wizi wa aina hiyo mwaka 2023, yenye hasara inayozidi dola bilioni 2.9.

Kinga yake ni ya zamani na haina gharama kubwa. Kila barua inayotaja akaunti mpya au inayobadilisha maelezo ya malipo ichukuliwe kuwa ya uongo hadi ithibitishwe kwa simu. Simu ipigwe na mlipaji mwenyewe, kwa namba aliyokuwa nayo kabla: ya kwenye mkataba, kadi ya biashara, au nyaraka za shehena iliyopita. Namba iliyoandikwa ndani ya barua inayotiliwa shaka haifai, kwani atakayeipokea ni mwizi. Simu inayopigwa na "kiwanda" chenyewe nayo haitoshi; sauti siku hizi zaweza kuigwa kwa kompyuta. Kujibu barua hiyohiyo kwa kuuliza "je, ni kweli?" ni bure, kwa sababu mwizi atajibu kwamba ni kweli.

Jambo la pili ni kusoma msimbo wa SWIFT wa benki. Herufi ya 5 na ya 6 hutaja nchi: CN ni China, HK ni Hong Kong, AE ni Falme za Kiarabu, TZ ni Tanzania. Kiwanda cha Guangzhou kinapoomba fedha zipelekwe benki ya Ulaya, mlipaji asimame. Ikumbukwe kwamba wauzaji wengi wa China hutumia akaunti za Hong Kong kihalali, kwa hiyo herufi hizo ni sababu ya kuuliza, si ushahidi wa wizi. Tatu, mlipaji asitegemee kwamba benki itagundua jina lisilolingana na namba ya akaunti.

Njia nzuri zaidi ni kumaliza suala hilo mwanzoni. Mkataba au profoma ya kwanza itaje akaunti moja, na iandikwe kwamba haitabadilishwa kwa barua-pepe pekee. Muuzaji mwaminifu hatachukia, maana naye hupoteza mteja anapoibiwa.

Kwa mwenye hisa

Mwekezaji mdogo hutumia barua-pepe kwa mambo mengine: taarifa za bei kutoka kwa dalali wa hisa, uthibitisho wa ununuzi au uuzaji, matangazo ya gawio na mwaliko wa mkutano mkuu. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mauzo mwaka 1998, karatasi zimepungua na nafasi yake kuchukuliwa na njia hizo.

Tahadhari ni zilezile. Maagizo ya kuuza hisa yanayofika kwa dalali kwa barua-pepe, yakiomba fedha ziingizwe katika akaunti mpya, yanapaswa kuthibitishwa kwa simu. Mwenye hisa amuulize dalali wake kama ana utaratibu huo, na kama hana auombe. Barua ya mtu asiyejulikana inayoahidi faida ya uhakika kwa mwezi haijibiwi hata kwa kukataa, kwa sababu jibu lolote humwambia mtumaji kwamba sanduku hilo lina mtu. Dalali anayejitambulisha kwa barua tu aangaliwe kwanza kama ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Vile vile hakuna benki wala dalali halali anayehitaji kuambiwa neno la siri. Barua inayosema akaunti itafungwa leo, na kumtaka mteja abonyeze mahali fulani aandike neno lake la siri, ifutwe. Anayetaka kuhakikisha afungue mwenyewe tovuti ya benki yake kama kawaida, au apige simu tawini.

Endapo fedha zimekwenda

Katika tukio hilo saa ndizo zinazohesabika. Kwanza benki iarifiwe mara moja, kwa simu na kwa maandishi, na iombwe kuitaka benki iliyopokea izuie fedha na kuzirejesha. Fedha ambazo hazijatolewa zaweza kuokolewa. Zilizokwisha kuhamishwa tena ni ngumu. Pili, muuzaji halisi aelezwe kwa simu, ili wote wawili wabadilishe maneno ya siri na kukagua kama kuna maagizo ya kunakili barua. Tatu, polisi wapewe taarifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu wa aina hiyo. Barua zote zihifadhiwe katika sanduku, hata zile za aibu, kwani ndani yake zimo alama za seva zilikopitia.

Ya kufanya wiki hii

Anayeanza hahitaji kujifunza yote kwa siku moja. Yafuatayo yanatosha kwa wiki ya kwanza: kufungua sanduku lenye jina la biashara, au kulichukua upya lile lililofunguliwa na mwingine, kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, kutuma barua moja yenye mada kamili kwa muuzaji anayefahamika, na kuandika katika daftari la karatasi namba za simu za kila anayelipwa, zikiwa zimetoka kwenye nyaraka za zamani.

Daftari hilo likae karibu na kitabu cha hundi. Siku ankara yenye akaunti mpya itakapofika, simu moja ya dakika 3 kwenda China itagharimu kidogo sana ukilinganisha na dola 12,600.